Mto wako unaumwa? Beba chungwa kabla hujabeba miche

Kila mwaka ikifika Desemba na Januari simu yangu inajaa picha za watu wameshika miche kandokando ya mto, fulana zinafanana, diwani kakaa katikati, na mi kila nikiziona najiuliza kitu kimoja tu, hii miche inaenda kutibu nini hapo? Maana mto hauumwi kwa namna moja. Kuna unaokauka, kuna unaojaa tope, kuna unaokula mashamba ya watu, kuna unaonuka, na dawa ya huu ukiupelekea ule unaweza kuumaliza kabisa. Niko kwenye jumuiya ya watumia maji huku nyanda za juu kusini miaka kadhaa sasa na tumekosea sana, tumepanda miche tukawa tumelisha mbuzi wa kijiji kizima, tumejenga ukuta wa mawe masika moja tu ukaenda na maji, kwahiyo haya mengi tumejifunza kwa kuumia.

Kitu tulichochelewa kukijua ni kwamba pale unapouona ugonjwa mara nyingi sipo ulipoanzia. Unaona kingo imebomoka shambani kwako, chanzo kiko kilomita nne huko juu, na saa nyingine kiko chini, ndio, chini, ntaeleza mbele. Kwahiyo kabla ya bajeti, kabla ya kikao, kabla ya posho ya kikao, vaa buti utembee. Panda juu angalau nusu siku, halafu shuka chini kidogo. Tembea mara mbili, kiangazi mara moja na siku moja ya mvua, maana mto wa Oktoba na mto wa Machi ni kama watu wawili tofauti.

Vya kubeba: futi kamba, simu ya kupigia picha na kuhesabia sekunde, chupa tupu za plastiki za kung'aa sita hivi, na machungwa mawili. Na kama mto wako una mamba au kiboko usijifanye shujaa, pima kutoka darajani. Sehemu yenye maji yaliyosimama na majani mengi pia usiingie bila buti, konokono wa kichocho wanapenda sana hapo.

Chungwa ni la kupimia maji. Chagua sehemu mto umenyooka, pima mita 10 kandokando uweke alama, tupa chungwa katikati ya mto juu kidogo ya alama ya kwanza, hesabu sekunde mpaka lifike alama ya pili, rudia mara tatu au nne uchukue wastani. Liwe na ganda lake, ukilimenya linazama, tulijaribu. Halafu pima upana, na kina sehemu kama tano kutoka ng'ambo hii mpaka ile. Tuseme upana ni mita 3, kina wastani sentimita 30, chungwa limetumia sekunde 20, hiyo ni nusu mita kwa sekunde. 3 mara 0.3 mara 0.5 inakuja 0.45, zidisha na 0.85 kwasababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe, unabaki na 0.38 hivi, yaani lita 380 kila sekunde. Sio hesabu ya maabara ila kumbana mtu kwenye kikao inatosha sana.

Haya, tuingie kwenye dalili zenyewe.

Zamani ulikuwa haukauki, siku hizi ikifika Septemba ni mawe matupu

Hapa wa kwanza kulaumiwa huwa ni wafugaji, wa pili mabadiliko ya tabianchi, na yote mawili yanaweza kuwemo, ila we anza na chungwa. Pima juu ya banio la kwanza (kile kizuizi kinachoingiza maji ya mto mferejini), pima chini yake, nenda banio la pili fanya hivohivo mpaka la mwisho. Ukikuta juu kuna lita 380 na chini ya banio la tatu zimebaki 40, mto wako haujakauka, umegawanywa, na mti hata uwe mkubwa kiasi gani haurudishi maji ambayo yameshaingia kwenye mfereji.

Mfano ambao kila mtu wa huku anaujua ni Ruaha Mkuu. Ule mto ulikuwa unapita mwaka mzima ndani ya hifadhi ya Ruaha, miaka ya 1993 hivi ndo ukaanza kukatika kiangazi, baadae ikawa kila mwaka na kwa wiki nyingi zaidi, viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya tope. Nchi nzima ikaamka kwasababu mto huohuo ndo unalisha bwawa la Mtera na ile mitambo ya Kidatu, na mgao wa umeme ulikuwa unauma watu mpaka mjini. 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, akaahidi kwamba ikifika 2010 mto utapita mwaka mzima. 2006 na 2007 mifugo ikaondolewa bonde la Usangu, 2008 eneo likaunganishwa na hifadhi ya taifa, na mto bado ukaendelea kukatika. Sasa kwanini?

Jibu liko kwenye umbo la kile kinamasi cha Ihefu kilichomo humo Usangu. Mito inayoshuka milimani, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe, maji yake yanakwenda kuingia humo, halafu yanatokea sehemu moja, N'giriama, na pale kuna mwamba umekaa kama mdomo wa beseni. Maji yakiwa juu ya mdomo yanamwagika na mto unapita hifadhini. Yakishuka chini ya mdomo hata kwa upana wa kidole hakitoki kitu, japo ndani kinamasi bado kimejaa maji kibao. Na jua linakula pale juu kila siku iendayo kwa Mungu. Kwahiyo kiangazi yakiingia maji machache kuliko yanayoliwa na jua na mimea, beseni linashuka, mto unakatika, hata ungewahamisha ng'ombe wote wa Tanzania ukawapeleka mwezini.

Na maji ya kiangazi yanaishia wapi kabla ya kufika Ihefu? Kwenye mabanio. Mpunga wenyewe ni wa masika, lakini banio linabaki wazi hata Agosti kwasababu kijiji kizima kinategemea mfereji kwa maji ya kunywa, kufyatua tofali, kunyweshea, vibustani. Ukifikiria ni kichekesho kinachouma, unapitisha maji ya mto mzima kwenye mfereji wa udongo kilomita na kilomita ili watu wajaze ndoo zao, mengine yote yanazama njiani au yanakwenda kulala kwenye majaruba matupu, yaani vishamba vya mpunga.

Kwahiyo dawa ya hapa haifanani kabisa na miche. Chimba kisima au vuta bomba kijijini ili banio liweze kufungwa kiangazi bila mtu kulala na kiu. Weka lango la kufungika, lile la mawe na magunia huwezi kulifunga nusu. Chimba mtaro wa kurudisha maji mtoni kutoka mwisho wa majaruba, wengi hawana huo mtaro kabisa. Soma kibali chenu cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, angalia kiasi cha masika na cha kiangazi, halafu linganisha na chungwa. Sheria ya maji ya 2009 inautambua mto wenyewe kama mtumiaji, yaani lazima yabaki maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya viumbe wa mtoni kabla hayajagawiwa mengine, kwahiyo ukiwa na namba zako mkononi huna haja ya kupiga kelele.

Kama hata juu ya banio la kwanza maji ni machache basi panda zaidi, nenda vyanzoni. Huko utakuta vinyungu, yaani bustani za bondeni, na milingoti (mikaratusi). Kwenye vinyungu mi nina maoni yangu na najua wengine hawayapendi: kinyungu chenyewe sio adui, bibi zetu wamelima mabondeni na mito ilikuwepo. Kilichobadilika ni ule mtaro. Zamani walilima matuta kwenye unyevu, siku hizi wanachimba mtaro wa kiunoni katikati ya bonde ili wakaushe haraka wapande njegere au viazi, na bonde lililokuwa linavuja taratibu mpaka Novemba linamwaga maji yake yote mwezi Juni. Ziba mtaro kila baada ya hatua kadhaa kwa udongo na mabua yaliyoshindiliwa, bonde litalowa tena msimu huohuo. Milingoti ni kukata, na kukata tu haitoshi maana inachipua kwa hasira, lazima urudie machipukizi kila mwaka mpaka kisiki kichoke. Kwenye nafasi yake mivengi au mikuyu.

Maji rangi ya chai ya maziwa

Kwanza mvua ya kwanza kila mto unachafuka, usipaniki. Tatizo ni pale maji yanabaki hivo siku tatu, wiki.

Hapa ndo kazi ya chupa. Siku ya mvua, gawaneni vijana, kila mmoja asimame pale kijito kinapoingia mtoni, saa moja ileile wote mjaze chupa, muandike jina la kijito, mzipange juu ya meza zilale mpaka asubuhi. Asubuhi tope limetuama chini na mnaliona kwa macho, hii ina kidole kimoja, hii ina vinne. Kijito chenye vidole vinne ndo mnakipanda.

Sisi tuligombana na wakulima wa mlimani karibu misimu miwili, tukawaita waharibifu, tukawapiga faini za kijiji. Tulipokuja kujaza chupa, lile tope lote lilikuwa linatoka kwenye mfereji wa barabara. Mkandarasi alichonga barabara ya vumbi ikashuka moja kwa moja mlimani mpaka darajani, mifereji pande zote mbili haina hata tawi moja la kutolea maji njiani, kwahiyo kilomita nzima ya barabara inamwagia mtoni. Tukaenda kuomba radhi kwa wazee wa mlimani, mzee mmoja akasema tu, "Wajukuu zangu, nyie mlikuwa mnatafuta mwizi mwenye jembe." Tulichimba matawi ya kushoto na kulia kila baada ya mita 20 au 30 maji yaingie kwenye majani badala ya mtoni, kazi ya wiki mbili kwa majembe, na masika iliyofuata chupa ya kile kijito ilikuwa na kidole kimoja na nusu.

Kama ni mashamba kweli, basi ni fanya juu (matuta ya kukatiza mteremko, udongo unatupwa upande wa juu), makinga maji, na ukanda wa majani usiolimwa kati ya shamba na mto. Hakuna muujiza hapo. Angalia pia njia za ng'ombe na sehemu za kufyatulia tofali, hizo huwa hazisemwi.

Kingo zinabomoka

Tofautisha kitu kimoja. Mto ukipinda, kingo ya nje ya kona inaliwa na ya ndani inaota mchanga, huo ni uzima, mto wa kweli unatembea kama nyoka na anayejenga kwenye kona ya nje kajitakia. Shida ni pale pande zote mbili zinaliwa kwa pamoja, mto unakuwa mpana na kina kinapungua, maji yanatanda kama karatasi na yanachemka juani. Ukiona hivyo tafuta nani katoa mizizi.

Mara nyingi ni ng'ombe wakishukia kila sehemu, au watu wamekata matete yote wakalima mpaka ukingoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo ya mto, kila mtu anaijua hiyo sitini, wameshatishiwa nayo sana. Ila kuna mfugaji mmoja alinijibu nikakosa la kusema, "Kaka, ng'ombe hajui mita sitini, anajua kiu." Na ni kweli, ukimfungia mto hujampa maji unatengeneza ugomvi wa mapanga. Tulichofanya ni kuchagua sehemu moja ngumu yenye mawe, tukalaza mteremko, tukawa tunawashushia hapo tu, na sehemu nyingine tukaweka birika juu ya kingo lenye bomba dogo la kuvuta maji. Ng'ombe wenyewe wanapenda birika, hawatelezi. Kingo zilizobaki hatukupanda kitu, tuliziacha. Matete yalirudi yenyewe mwaka wa kwanza.

Pale ambapo pameliwa mpaka pamesimama kama ukuta, kwanza lazisha mteremko, maana ukipanda juu ya ukuta utavuna mti umelala mtoni. Halafu majani ya vetiva au mabingobingo kwa mistari, chini kwenye maji chomeka matete mabichi. Gabioni (yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe) zitumie pale tu kuna kitu cha bei mbaya, daraja, bomba, kisima. Kila ukiweka ukuta mgumu sehemu moja maji yanateleza kwa spidi yanaenda kula kwa jirani wa chini, na jirani naye anaweka ukuta wake, mwisho mnakuwa mmejenga mfereji wa zege bila kukusudia.

Mto unazama, kingo zinazidi kuwa ndefu, visima vya karibu vimekauka

Hii ndo ile niliyosema chanzo kinaweza kuwa chini. Angalia nguzo za daraja, kama msingi uliokuwa umefukiwa sasa unaonekana, kitanda cha mto kimeshuka. Angalia mizizi ya mikuyu inaning'inia hewani.

Shuka chini utafute ngazi, yaani sehemu kitanda kinadondoka ghafla kama kiporomoko kidogo, nusu mita, mita. Kila mvua maji yanakula pale kwenye ngazi, na ngazi inarudi nyuma, inapanda mto kama panya anatafuna gunia kutoka chini. Iliyoanza mwaka juzi kwenye machimbo ya mchanga kijiji cha chini, mwaka kesho iko kwako, na wewe hujawahi kuchimba hata ndoo. Malori ya mchanga yakichota shimo, mto unataka kulijaza, unakula wa juu yake.

Na mto ukishazama haufiki tena kwenye bonde lake siku ya mafuriko, bonde halinyweshwi, visima vinashuka, na maji yote ya mvua yanakimbia yamebanwa ndani ya korongo kwa nguvu kuliko zamani, kwahiyo linazidi kuchimbika.

Kitui, Machakos na Makueni kule Kenya wamefika mbali kwenye hili, wanajenga vibwawa vya mchanga kukatiza mito ya msimu, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanakaa ndani ya mchanga jua halifiki, watu wanachota kiangazi. Mchanga uliokaa mtoni ni tenki, sio uchafu, anayeuza lori la mchanga wa mto anauza na maji yaliyokuwemo.

Dawa: kwanza simamisha uchotaji karibu na daraja na juu ya ngazi, bila hiyo mengine yote ni kujichosha. Ngazi yenyewe ipangie mawe makubwa kutoka chini kuja juu ili maji yashuke kwa mteremko badala ya kudondoka. Kwenye makorongo madogo weka vizuizi vya mawe na matawi, katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati, ukifanya sawasawa kote yatazunguka pembeni yakule kingo. Kichwa cha kizuizi cha chini kiwe levo moja na kitako cha kile cha juu yake, hivohivo kama ngazi za nyumba. Anzia juu kwenye vikorongo vidogo, usianze na mto mkubwa, ule wa kwetu ulitufundisha adabu.

Mvua ndogo tu mto umemwagika majumbani

Ukiona hivyo mchanga umejaa kitandani, na kila mtu anapiga kelele za kuchimba. Chimba, sawa, ila ujue umepunguza homa tu. Muangalie Msimbazi, unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe unapita Dar katikati mpaka baharini karibu na daraja la Selander, pale Jangwani matingatinga yamekuwa yakichota mchanga mara ngapi, na masika ikirudi barabara inafungwa, kwasababu mchanga unazalishwa huko juu kwenye mabonde ya mjini, machimbo, mitaro ya barabara, na mto umenyang'anywa sehemu yake ya kutanukia. Ndo maana mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi unaoendelea sasa hivi haujaishia kwenye kuchimba, umeingia hadi kwenye kulipa watu wahame bondeni na kunyanyua daraja la Jangwani.

Na usikubali mtu akunyooshee mto akisema maji yapite haraka. Wamarekani walinyoosha mto Kissimmee kule Florida kati ya 1962 na 1971, maili 103 za kona zikawa mfereji wa maili 56, vinamasi vikakauka na ndege wakaondoka. Ikabidi wafukie sehemu ya mfereji huohuo ili mto urudi kwenye kona zake, wameanza 1999 wamemaliza 2021. Miaka tisa kuharibu, ishirini na mbili kurudisha nusu nusu, tena wana hela.

Unanuka, una povu, au umefunikwa kijani

Usikimbilie maabara kwanza, geuza mawe. Chukua jiwe la ukubwa wa mkate kwenye maji yanayokimbia, ligeuze, angalia wanaotambaa. Ukikuta vile vidudu bapa vya mikia mitatu, au vya mikia miwili, maji yana hewa nzuri. Ukikuta watoto wa kereng'ende na kaa, wastani. Ukikuta ruba na vijiminyoo vyekundu tupu, oksijeni imeisha, na ule wekundu wao ndo siri yao, damu yao inashika hewa kidogo iliyopo. Geuza mawe juu ya mtaro unaoushuku na chini yake, utapata jibu siku hiyohiyo, na wadudu hawapokei bahasha.

Samaki wakija juu wanahema alfajiri halafu mchana wanatulia, hiyo ni mbolea au kinyesi, mimea ya majini usiku inakula oksijeni. Samaki wakifa wote kwa mpigo saa sita mchana, shuku sumu, chukua sampuli haraka na piga simu Bodi ya Bonde na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Machi 2022 mto Mara upande wetu uligeuka mweusi samaki wakaelea, kamati ya serikali ikasema ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, watu mitandaoni wakacheka sana. Mi sikuwepo, ila kwamba kinyesi kinaua samaki sio kichekesho, upande wa juu wa mto huohuo watafiti wameonyesha mavi ya viboko yakilala vidimbwini kiangazi kizima halafu mvua ikayasukuma kwa pamoja, oksijeni inashuka mpaka samaki wanakufa, na hao ni viboko wa porini hawana kiwanda.

Mjini ni maji taka, ambapo kuokota plastiki kunapendezesha tu. Mto Nairobi ulianza kusafishwa kwa nguvu 2008 enzi za waziri John Michuki, mpaka bustani pale ikapewa jina lake na imependeza kweli, ila maji yenyewe yanakuja yameshachafuka kutoka mitaani juu. Tafuta mabomba, hesabu moja moja, piga picha na mahali lilipo. Gugumaji likiwepo litoe kwa mikono ulifanye mboji mbali na maji, ila ujue linakula mbolea ya mtu, usipomtafuta huyo mtu litarudi kabla hujanawa.

Miche tuliyopanda imekufa yote

Karibu kwenye chama. Sababu ni chache: mlipanda mwisho wa masika kwa kusubiri mgeni rasmi, mlipanda mti wa nchi kavu kwenye maji, au mbuzi. Mara nyingi mbuzi.

Kabla ya kununua mingine, angalia ardhini kama kuna visiki vinavyochipua au miche ya kujiotea. Watu wa Dodoma wanaita kisiki hai, unachagua machipukizi mawili matatu yenye afya unapunguza mengine, mizizi tayari iko chini kabisa imeshafika kwenye maji, mti unakimbia kuliko mche wowote wa kitalu. Sisi mwaka wa pili tulipanda miche mia mbili na tukatunza visiki kama arobaini. Miche imebaki kumi na mmoja, visiki vipo karibu vyote na vingine vinazidi kimo changu.

Piga picha moja kila mwezi, sehemu ileile, simama kwenye jiwe lilelile. Majani utayaona msimu wa kwanza, kivuli mwaka wa tatu wa nne, maji ya kiangazi usiahidi mtu mwaka.

Uzio wa waya utaibiwa, wetu uliibwa ndani ya wiki tatu, nguzo na zenyewe zikawa kuni. Zungushia minyaa, unakata matawi unachomeka tu, mbuzi hagusi. Angalizo, utomvu wake ukiingia jichoni utalia usiku kucha, kwahiyo chomeka ukiwa umevaa miwani na watoto wasishike.